Usiguse Jani

Taratibu hakuwa mtu wa kunyamazishwa. Askari walimjaribu, wakwe wawili walimjaribu, na wote waliishia kumkopesha pesa. Wa kwanza kumweza alikuwa daktari wa meno.

Alikuwa amelazwa kwenye kile kiti cha kupandishwa na kushushwa, mdomo wazi, pamba kila shavu, ganzi imemfika hadi sikioni, Daktari alipoweka koleo chini ghafla na kukimbilia dirishani. Taratibu alidhani ameitwa na mgonjwa mwingine. Kumbe ameitwa na chungu.

Dirisha zima lilipangwa vyungu vidogo, na katika kila kimoja ulisimama unyasi mmoja mwembamba kama uzi wa kushonea. Daktari akachukua bomba la sindano, akaudondoshea mmoja wao matone mawili ya maji, kisha akarudi nyuma kuutazama kwa upole ambao jino la Taratibu halikuwa limeonjeshwa. Halafu, kama walivyo watu wote wenye wazimu wa kitu, akaanza kueleza bila kuulizwa.

Haya, alisema, ni maua ya tunguu, yaani yanayochipua kutoka kwenye shina nene la mviringo lililozikwa udongoni, asili yake nchi za joto, hayavumilii baridi hata ya usiku mmoja, ndiyo maana yanalelewa ndani kama watoto wachanga. Kununua tunguu lililokwisha kukomaa ni kazi ya mtu yeyote mwenye pochi. Mstaarabu huanza na mbegu. Taratibu, kwa kuwa ulimi ulikuwa umelala, aliuliza kwa macho: na ua lenyewe linatoka lini?

"Mwaka wa nne," Daktari alisema kwa fahari. "Likipenda. Lisipopenda, wa saba."

Hapo hapo Taratibu akaacha kusikia maumivu.

Msomaji asiyewahi kuishi kwa ujanja hawezi kuelewa utamu wa maneno hayo. Ugonjwa mkubwa wa kazi ya Taratibu ulikuwa mteja kurudi. Aliwahi kuuza saa za dhahabu zilizobadilika rangi kabla ya jua kuzama. Aliwahi kuuza dawa ya kuotesha nywele, na wenye vipara wakamtafuta mtaa kwa mtaa wakiwa kundi, vichwa vinang'aa. Kila biashara ilimalizikia dirishani, yeye akiruka na mkoba, na magoti yake sasa yalikuwa ya mtu mzima. Alichokitaka duniani kilikuwa kidogo tu: nyumba yake mwenyewe, hata ya vyumba viwili, ambayo angeingia na kutoka kwa mlango. Na sasa, akiwa amelala chali na mate yanamchuruzika, ameonyeshwa bidhaa ambayo mnunuzi wake hawezi kulalamika kabla ya mwaka wa nne, na katika miaka hiyo yote atakuwa anakushukuru.

Jino lilipong'oka, alimpa Daktari mkono mara mbili.

Kesho yake alinunua kopo la mbegu za kitunguu katika duka la pembejeo. Tuseme haki, mbegu ya kitunguu ni kitu cha kupendeza: nyeusi, ina vipembe, inang'aa kidogo ukiigeuza. Ina dosari moja tu, nayo ni bei, na dosari hiyo Taratibu aliirekebisha.

Chama cha Wapenzi wa Maua Adimu kilikutana juu ya maktaba, katika chumba chenye viti vya kukunja na birika la chai lililovuja. Wanachama wake walikuwa watu wazima wenye nafasi zao, ambao kitunguu walikijua kikiwa sokoni ndani ya kikapu au jikoni ndani ya sufuria. Kikiwa mche, kingeweza kuwapita barabarani wasikisalimie. Taratibu alifika amevaa koti la kijivu, akaketi nyuma, akakataa chai. Daktari ndiye aliyemsihi aseme chochote, maana alikuwa amemdokeza jambo kliniki.

Akasimama polepole, kama jina lake. Akasema hakuja kuuza. Alikuja kutua mzigo wa moyo. Kuna ua liitwalo Malkia wa Ukungu, asubuhi jeupe kama maziwa, jioni la bluu, lililokuwa likiota kwenye jabali moja tu, na mbuzi wamelimaliza. Mbegu zilizobaki ni hizi. Akafungua sanduku la miwani, na humo, kila mbegu imelala juu ya pamba yake, zilikuwamo mbegu za kitunguu. Mtu mmoja mstari wa mbele alivua kofia.

Kulikuwa na hatari moja, nayo Taratibu aliifikiria mapema. Ukifinya jani la kitunguu, hata liwe jembamba vipi, jiko zima linakuingia puani. Kwa hiyo akainua kidole.

"Kanuni ni moja," alisema. "Usiguse jani. Kidole cha binadamu kina mafuta, na mafuta hayo kwa Malkia ni sumu. Mfunike kwa chupa ya jemu, umpe maji, umtazame kwa mbali."

Mama mmoja aliyeketi pembeni, ameweka mkoba magotini, akanyoosha mkono. Wote walimwita Shangazi, wakubwa kwa wadogo. Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na kwa miaka hiyo yote kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya washitakiwa, neno kwa neno, bila kucheka.

"Na akitoa harufu, baba?" aliuliza.

"Harufu ni dalili ya huzuni, Shangazi. Ukiisikia, rudisha chupa, toka chumbani, mwache apumzike."

Wote wakaandika. Shangazi akaitikia kwa kichwa, taratibu sana, kama mtu anayemeza kidonge kikubwa.

Mji ukaingia wazimu wa heshima. Kitunguu huota upesi, na kila chembe iliyochomoza ilichukuliwa kuwa ushahidi wa malezi bora ya nyumba ile. Mke wa mwenye mashine ya kusaga alimhamisha mumewe chumbani kwa sababu Malkia alihitaji jua la asubuhi, na mume alitoa njia mwenyewe, akinyata. Daktari alifunga kliniki siku jani la pili lilipotoka, akaning'iniza kibao mlangoni: dharura ya familia. Waliopata miche myembamba waliona aibu wakanunua mbegu zaidi. Waliopata minene waliingiwa na kiburi wakanunua zaidi. Taratibu alipita nyumba kwa nyumba, mikono nyuma, akitikisa kichwa mbele ya chupa za jemu. Alichopewa alikitia kwenye mkoba, na mkoba ukalala chini ya kitanda chake, katika chumba cha kupanga alichopewa na mama mwenye nyumba mmoja mkali, mwenye kufagia hadi mashavu ya ukuta.

Mpango ulikuwa aondoke kabla vitunguu havijaanza kunenepa shingo. Angeondoka salama, nasi tusingekuwa na la kusimulia, kama Shangazi asingemwalika chakula cha asubuhi.

Sebule ya Shangazi ilikuwa ndogo, vitambaa vilivyofumwa kwa mkono kila mgongo wa kiti, pazia la dirisha limefungwa nusu. Kwenye pembe, juu ya stuli ndefu, kulikuwa na ua. Lilikuwa moja tu, juu ya bua refu, bluu ya rangi ambayo Taratibu hakuwa na jina lake, na koo lake jeupe. Alisimama na kofia mkononi. Kwa miezi alikuwa anauza hadithi ya kitu hiki, wala hakuwahi kujiuliza kama kipo. Alilitamani bila kujua alitakie nini, na jambo hilo lilimwogopesha.

"Marehemu mume wangu alilianzisha kwa mbegu," Shangazi alisema. "Akalisubiri miaka. Likachanua mwaka uliofuata baada ya kumzika. Keti ule."

Akamletea mayai ya kukaanga, juu yake amenyunyiza majani mabichi yaliyokatwakatwa. Taratibu, ambaye alizoea chai kavu, alikula kama aliyeachishwa kufunga. Akasifu mayai, akasifu zaidi yale majani, maana yalikuwa na ukali mtamu, akauliza yametoka wapi.

"Hapo dirishani kwangu," Shangazi alisema. "Nikuongezee, mwanangu?"

"Niongezee, Shangazi."

Kabla hajamaliza, Daktari akabisha hodi. Hakuona hata nani yuko mezani. Alimwomba Shangazi lile lile alilokuwa akimwomba kila wiki: tunguu mtoto la ua la bluu, lile moja lililozaliwa ubavuni mwa mama yake. Alimwahidi tena nyumba aliyoachiwa na mama yake mzazi, mwisho wa mtaa wa mafundi cherehani, vyumba viwili, bomba uani. Shangazi akamwambia marehemu angekuja kumuuliza usiku. Daktari akaondoka anafuta miwani.

Taratibu aliijua nyumba ile. Alikuwa akipita pale makusudi. Mlango wake ulikuwa wa bluu, na mara moja, barabara ikiwa tupu, aliwahi kuushika kitasa.

"Kwa nini usimpe?" aliuliza, akikwangua sahani.

"Huyo? Aling'oa jino langu zima, akaacha bovu. Kwake hakifiki kitu changu hata unyasi." Shangazi akapangusa meza. "Ningempa mtu anayejua kanuni. Ila mimi siuzi. Ni kumbukumbu."

Taratibu mwenyewe ndiye aliyebuni "mimi siuzi". Alilitumia kwa saa za dhahabu, kwa dawa ya vipara, na kwa Malkia wa Ukungu. Lakini mganga hajigangi. Lile neno lilimwingia likamkaa moyoni kama neno la mtu mwingine, akaanza kubembeleza. Alisema atalitunza kama roho yake. Alisema marehemu angefurahi. Kuhusu kumpelekea Daktari hakusema kitu, maana ukweli ni kitu cha kutumia kwa kiasi. Shangazi alikataa asubuhi ile, akakataa siku iliyofuata, na siku ya tatu akakohoa akalalamikia magoti yake, na gharama za matibabu ya magoti, na jinsi mtu akizeeka anavyokosa hata wa kumsindikiza hospitali. Taratibu akaenda chini ya kitanda.

Msimu mzima wa jasho lake ulikuwa ndani ya mkoba ule. Lakini akapiga hesabu ya mjanja: mkoba huisha, nyumba haiishi. Tena angekuwa hajaiba. Wizi aliudharau, aliuona ni kazi ya watu wasiojua kuongea.

Shangazi hakuhesabu kilichomo. Aliunyanyua tu mkoba mara moja, kama anayepima kuku sokoni, akauweka nyuma ya kiti. Kisha akaleta chungu kizuri cha udongo, chenye mchanga mkavu, na katikati imechomoza shingo ya rangi ya kahawia, kavu kama karatasi.

"Limelala," alisema. "Hivi ndivyo yanavyolala, majani yote yanakufa. Likishapumzika, lianzishie maji kidogo kidogo, litaamka, na msimu huu huu litatoa ua. Usilichimbue kuchungulia. Na kanuni unaijua mwenyewe."

"Usiguse jani," Taratibu alisema.

"Kidole kina mafuta," alimalizia Shangazi, na akamfungulia mlango.

Daktari alipokiona chungu alitaka kupiga magoti, lakini kwenye suala la ufunguo akawa jiwe. Ua kwanza, alisema, ufunguo baadaye. Ameshauziwa mambo mengi katika maisha yake. Lilikuwa neno la kwanza la busara kutoka kinywani mwa Daktari mwaka ule, na ni masikitiko kwamba halikumtoka pale alipokuwa ananunua mbegu. Taratibu hakuwa na la kufanya. Alirudi na chungu chake chumbani, akakiweka dirishani, akakifunika kwa chupa ya jemu, na akaanza kusubiri.

Sasa akaijua bidhaa yake. Alifahamu maana ya kuamka na kwenda dirishani kabla ya kunawa uso. Alianza kuogopa upepo. Upande wa pili, vitunguu vya mji vilikuwa vinanenepa shingo, na kila siku aliitwa nyumba moja au nyingine kueleza. Aliwaambia Malkia ni mjamzito, akawakataza kelele. Wakati wa kukimbia ulikuwa umefika na kupita, naye alijua, na kila asubuhi alijiambia ni siku moja tu zaidi. Mwenda pole hajikwai, alijisemea. Hakukumbuka kwamba hilo lilisemwa juu ya wanaokwenda, halikuwahusu waliokaa.

Asubuhi ncha ya kijani ilipochomoza, alikimbia hadi uani bila viatu. Hakuwa na mtu wa kumwambia, akamwambia mama mwenye nyumba, aliyemjibu kwamba chumba kinahitaji kupigwa deki. Taratibu hakujali. Jani lilipanda, likafuatwa na la pili na la tatu, yote ya mviringo, wima, kijani kibichi kabisa. Alikuwa anayatazama kwa mbali kupitia kioo, mikono nyuma, wala hakuyagusa. Usiku aliota anafungua mlango wa bluu kwa ufunguo.

Alipotaka kumuuliza Shangazi kiasi cha maji, alikuta nyumba imefungwa. Jirani akamwambia Shangazi ameondoka na gari la kukodi kwenda kutibiwa magoti, mbali, hajasema atarudi lini, na lile ua la bluu alilipakata mapajani njia nzima kama mtoto. Taratibu alimwonea huruma kwa dhati. Alimwombea hata magoti yake.

Fedha zikamwishia, akaanza kurukaruka milo. Mama mwenye nyumba alikuwa mkali lakini hakuwa na roho mbaya. Aliona mpangaji wake anapungua, mashavu yanaingia ndani, anakaa dirishani kutwa anazungumza peke yake. Siku moja Taratibu alirudi kutoka kwa mke wa mwenye mashine, ambako alikuwa ameapa kwamba uvimbe wa Malkia ni wa kawaida, akakuta chumba kimepigwa deki na mezani kuna sahani iliyofunikwa.

"Kula," mama mwenye nyumba alisema. "Nimechoka kumwona mtu anakonda ndani ya nyumba yangu."

Yalikuwa mayai ya kukaanga. Taratibu akaketi, akaweka kipande mdomoni, akatafuna, kisha akaacha kutafuna. Ladha ile aliwahi kukutana nayo. Ukali mtamu, mbichi, wa jani lililokatwa sasa hivi.

"Mama," alisema polepole, "haya majani yametoka wapi?"

"Hapo dirishani kwako. Nilipoinua lile lichupa nisafishe, harufu ikanijia, nikasema alaa, huyu baba ana kitunguu kizuri hivi na anashinda njaa." Alikuwa anakung'uta tambara. "Ila ungekipanda uani, siyo kwenye chungu cha watu. Kingejaza vizuri."

"Una hakika ni kitunguu?"

Mama mwenye nyumba alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yana umajimaji. Taratibu akageuka dirishani. Chupa ya jemu ilikuwa inang'aa kwa usafi, na chini yake zimebaki nundu tatu za kijani, zimekatwa sawasawa.

Hakulia. Alifikiria mlango wa bluu kwanza, na hapo moyo wake uliuma hasa, maana ule ulikuwa wake tayari, alikuwa ameshaamua kitanda kitakaa upande gani. Kisha akafikiria mkoba. Halafu akamwona Shangazi amesimama mbele yake na kikaango, pazia limefungwa nusu, na nyuma ya pazia bila shaka kuna chupa za jemu zimepangwa mstari, mbegu alizomuuzia kwa mkono wake. Yeye aliuliza maswali yote na kujibiwa kweli. Shangazi alikuwa amemlisha Malkia wa Ukungu juu ya mayai, akamwangalia anavyotafuna, akamsikia anamsifu. Na mtu mzima na akili zake hakugusa jani, kwa sababu kidole kina mafuta.

Aliinuka kwenda polisi, akafika mlangoni, akasimama. Alijaribu kuyapanga maneno atakayosema pale kaunta, yeye ambaye maneno hayajawahi kumkosa. Ameuziwa kitunguu. Na nani? Na mtu ambaye yeye mwenyewe alimuuzia kitunguu. Sentensi ilikataa kuanza. Nje, upande wa pili wa barabara, aliwaona Daktari na mwenye mashine ya kusaga wanakuja kwa miguu, kila mmoja amebeba chungu kifuani, na kwenye chungu cha Daktari shingo imepasuka, na chini yake kinaonekana kitu chekundu cha mviringo ambacho hata daktari wa meno angekitambua. Hawakuwa na haraka. Walikuwa wanasoma namba za nyumba.

Akarudi ndani, akalitazama dirisha, akayatazama magoti yake. Sahani ilikuwa bado ina moto.

"Nikuongezee?" mama mwenye nyumba aliuliza.

Taratibu akavuta kiti.

"Niongezee, mama," alisema. "Halafu nisaidie kufungua hili dirisha."